Miaka Arobaini ya Kukisaka Kishindo cha Mwanzo

Mwaka 1984 Edward Witten, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, alichapisha katika jarida la Physical Review D makala kuhusu yale ambayo huenda yalitokea ulimwengu ulipokuwa na umri wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Shabaha yake kuu ilikuwa kueleza maada isiyoonekana, ile inayozishikilia galaksi zisitawanyike. Alipendekeza kwamba huenda ni madonge mazito ya kwaki yaliyosalia wakati mchanganyiko wa moto wa kwaki ulipokuwa ukigeuka kuwa protoni na nyutroni. Mwishoni mwa makala aliweka viambatisho viwili, na kimoja kilisema kwamba kama mageuko hayo yalikuwa ya ghafla na ya vurugu, basi yalilitikisa anga lenyewe, na huenda mtikisiko huo bado unasafiri kwa nguvu ya kuweza kupimika. Madonge ya kwaki hayajaonekana hadi leo. Kiambatisho, kwa upande wake, kilisaidia kuzaa kazi nzima yenye hesabu zake, mitambo yake na desturi zake. Miaka arobaini imepita na hakuna aliyethibitisha kupima wimbi hata moja la aina hiyo. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba ukimya huo si dalili ya kazi iliyopotea njia. Historia yake ni ya matumaini yaliyofungwa moja baada ya jingine kwa hesabu, mara nyingine na watu walewale walioyaanzisha, na kila tumaini lililofungwa limeongeza uzito wa jibu litakalopatikana.

Kwanza tuone kwa nini watu wazima wenye akili zao wameng'ang'ania jambo lililotokea kabla ya sekunde ya kwanza kuisha. Nuru ina mpaka wake. Mionzi ya kale kuliko yote, ile ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa kule Holmdel, New Jersey, mwaka 1964, ilianza safari yake ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Kabla ya hapo elektroni zilikuwa huru katika gesi ya moto na ziliitawanya nuru kila upande, kwa hiyo hakuna darubini, hata iwe kubwa namna gani, itakayoona nyuma ya wakati huo. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati ambayo Albert Einstein aliitabiri mwaka 1916, hayazuiliwi na gesi hiyo. Yanapenya maada karibu bila kuguswa. Wimbi lililozaliwa katika sehemu ya kwanza ya sekunde ya kwanza lingetufikia likiwa bado na habari zake zote, limenyooshwa tu na kutanuka kwa ulimwengu. Lakini ili wimbi lizaliwe, lazima maada nyingi isukumwe kwa nguvu na bila ulinganifu. Ulimwengu unaopoa taratibu, sawasawa kila mahali, hautoi mawimbi ya maana.

Hapo ndipo mabadiliko ya hali yanapoingia. Maji yanapochemka, mvuke hauzuki kila mahali kwa mpigo mmoja. Huzuka kwa viputo vinavyokua na kugongana mpaka maji yakawa yanatokota. Fizikia ya chembe inasema ulimwengu wa awali nao ulibadilika hali angalau mara mbili. Mara ya kwanza joto lilikuwa karibu nyuzi trilioni elfu mbili, nao uga wa Higgs ulijitokeza na kuzipa chembe tungamo. Mara ya pili joto lilikuwa limeshuka hadi kiasi cha nyuzi trilioni mbili, na kwaki zikafungwa ndani ya protoni na nyutroni. Swali lote la historia hii ni moja: je, mabadiliko hayo yalikuja kwa viputo, au yalikuja taratibu kama samli inayolainika juani, ambayo huwezi kutaja dakika iliyoacha kuwa ngumu ikawa laini? Viputo vinavyotanuka kwa kasi inayokaribia ya nuru na kugongana vingetoa mawimbi ya mvutano. Mlainiko wa taratibu usingetoa mawimbi ya kupimika.

Wazo kwamba ulimwengu unaweza kubadilika hali lilitangulia makala ya Witten kwa miaka kumi na zaidi. Mwaka 1972 David Kirzhnits wa Moscow, ambaye muda mfupi baadaye alishirikiana na Andrei Linde, alionyesha kwamba ulinganifu wa kani za asili uliofichika katika baridi hurudi kukiwa na joto kali. Mwaka 1974 Steven Weinberg, na vilevile Louise Dolan na Roman Jackiw, waliyafanya mahesabu hayo kwa ukamilifu zaidi. Mwaka 1977 Sidney Coleman alieleza jinsi kiputo cha hali mpya kinavyozaliwa ndani ya hali ya zamani na jinsi kuta zake zinavyokimbia. Craig Hogan, mwaka 1986, aliandika makala iliyoyahusu mawimbi ya mvutano ya mabadiliko haya moja kwa moja. Kufikia hapo zana za nadharia zilikuwa tayari.

Kulikuwa pia na sababu nyingine iliyowafanya watu wapende viputo kuliko mlainiko, na bila kuielewa hatuwezi kuona uchungu wa yaliyofuata. Ulimwengu umejaa maada, na kinyume chake, antimaada, ni haba mno. Andrei Sakharov alieleza mwaka 1967 kwamba ili tofauti hiyo izuke ni lazima pawe na kipindi ambacho ulimwengu umetoka katika utulivu wa joto, kipindi cha vurugu. Mwaka 1985 Vadim Kuzmin, Valery Rubakov na Mikhail Shaposhnikov walionyesha kwamba mabadiliko ya uga wa Higgs yangeweza kuwa ndiyo kipindi hicho, ilimradi yalikuja kwa viputo. Tukio moja, basi, lingeeleza kwa nini kuna kitu chochote cha kuonekana duniani na mbinguni, na papo hapo lingeacha mawimbi ya kulithibitisha. Ni nadra fizikia kuahidi mengi hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Miaka ya mwanzo ya 1990 ilizidisha matumaini. Arthur Kosowsky, Michael Turner na Richard Watkins walikokotoa kwa kompyuta viputo viwili vinapogongana, na mwaka 1994 Marc Kamionkowski alijiunga na wawili wa kwanza kutoa mbinu ambayo wengine waliitumia kwa miaka mingi. Wakati uga wa Higgs ulipojitokeza, nuru ilikuwa imeweza kusafiri milimita chache tu tangu mwanzo wa wakati; hakuna kiputo kilichoweza kuupita ukubwa huo. Tangu hapo ulimwengu umetanuka mara zaidi ya trilioni elfu moja. Ukizidisha, unapata mawimbi ambayo leo yangekuwa na urefu wa mamilioni hadi mabilioni ya kilomita na kupita kwa mtikisiko mmoja katika dakika au saa kadhaa. Mwaka 1993 kundi la wanasayansi lilikuwa limepeleka kwa Shirika la Anga la Ulaya, ESA, pendekezo la kurusha vyombo vitakavyolizunguka jua vikiwa vimeachana kwa mamilioni ya kilomita, vikipimana umbali kwa leza. Mradi huo, LISA, ulibuniwa hasa kwa ajili ya nyota na mashimo meusi. Kwamba masafa yake yanaangukia palepale ambapo uga wa Higgs ungeacha alama yake ni bahati, lakini ni bahati iliyovuta vijana wengi wa nadharia.

Kisha ukaja mwaka 1996. Keijo Kajantie, Mikko Laine na Kari Rummukainen, wote Wafini, pamoja na Shaposhnikov yuleyule wa 1985, walichapisha hesabu iliyofanywa kwa kuligawa anga katika vituo vya kimiani na kuiachia kompyuta ifuatilie uga wa Higgs kituo kwa kituo. Njia za kalamu na karatasi zilikuwa zimeshindwa hapo kwa sababu chembe nyepesi za joto kali hufanya mikato ya kawaida isiaminike. Jibu lao lilikuwa wazi. Kama chembe ya Higgs ina tungamo kubwa kuliko takribani GeV 80, yaani kiasi cha mara themanini na tano ya protoni, basi hakuna viputo. Mabadiliko ni mlainiko tu. Mashine ya LEP ya CERN, karibu na Geneva, iliendelea kuitafuta chembe hiyo na ilipofungwa mwaka 2000 ilikuwa imeonyesha kwamba, ikiwa ipo, inazidi GeV 114. Tarehe 4 Julai 2012 CERN ilitangaza kuipata kwenye GeV 125. Hukumu ya 1996 ikawa imetimia: kwa fizikia tuliyo nayo vitabuni, uga wa Higgs ulijitokeza kimyakimya.

Naomba msomaji akae kidogo na jambo hili. Shaposhnikov alikuwa mmoja wa waliojenga tumaini la 1985, na miaka kumi na mmoja baadaye jina lake liko kwenye karatasi iliyolizika katika umbo lake la asili. Hakusubiri mpinzani aje kumvunjia. Katika kazi nyingi za binadamu, aliyelima shamba ndiye wa mwisho kukiri kwamba halizai. Hapa kukiri huko kulichapishwa katika jarida kubwa, kukapewa sifa, na kukaanzisha utafiti mpya.

Mlango wa pili, ule wa Witten, ulifungwa baada ya miaka kumi mingine. Kwaki zinavyofungwa ndani ya protoni ni hesabu ngumu kuliko ile ya Higgs, na kwa muda mrefu kompyuta hazikuwa na nguvu ya kuifanya kwa tungamo halisi za kwaki. Mwaka 2006 Yasumichi Aoki, Gergely Endrődi, Zoltán Fodor, Sándor Katz na Kálmán Szabó walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuonyesha kwamba, katika mazingira ya ulimwengu wa awali, mabadiliko hayo nayo yalikuwa mlainiko. Viputo hakuna, madonge ya kwaki ya namna aliyoyawazia Witten hakuna, na mawimbi ya kiambatisho chake hakuna.

Anayepinga atauliza papo hapo: kama hesabu zimeonyesha kwamba mabadiliko yote mawili tunayoyajua yalikuwa ya kimya, mbona kazi iliendelea, tena ikakua? Je, huu si ukaidi? Jibu ni kwamba hesabu hizo hazikusema ulimwengu ulikuwa kimya. Zilisema kwamba *ikiwa* orodha yetu ya chembe na kani imekamilika, ulikuwa kimya. Na tunajua haijakamilika. Haielezi maada isiyoonekana, na baada ya 1996 haielezi hata kwa nini maada iliishinda antimaada. Kabla ya hesabu za Kajantie na wenzake, mtu aliyepima mawimbi kutoka enzi ya Higgs angekuwa amethibitisha kilichokuwa vitabuni. Baada yake, mtu huyohuyo atakuwa amepata ushahidi wa kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote: uga mwingine unaoshirikiana na Higgs, au kundi la chembe zilizofichika zisizogusana na nuru. Kwa kufuta kile kilichotarajiwa, 1996 na 2006 zilisafisha uwanja. Sauti yoyote itakayosikika sasa haiwezi kudaiwa na fizikia ya zamani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: nadharia za chembe mpya zina vipimo vingi vya kurekebisha, na mwenye nadharia anaweza kuvizungusha mpaka mawimbi yawe makubwa kiasi cha kupendeza wafadhili, au madogo kiasi cha kutokamatika mashine zikikosa kitu. Kuna ukweli ndani yake na haufai kufichwa. Zipo nadharia ambazo hakuna chombo cha karne hii kitakachozigusa. Lakini sehemu kubwa ya zile zinazougusa uga wa Higgs haziwezi kujificha pande zote kwa wakati mmoja. Uga mpya wenye nguvu ya kuugeuza mlainiko kuwa viputo huibadilisha pia chembe ya Higgs yenyewe, namna inavyovunjika na namna inavyoshirikiana na Higgs nyingine, na mambo hayo yanapimwa CERN bila kutegemea mawimbi. Mwenye kudai viputo atalazimika kulipa mahali pawili. Vilevile wimbi la mvutano la asili hii halina namba moja tu. Lina umbo, yaani nguvu yake inavyopanda na kushuka kulingana na masafa, na umbo hilo hutegemea joto, kasi ya kuta za viputo, na ughafla wa tukio. Data ya LIGO na Virgo, mitambo ya kunasa mawimbi ya mvutano, imekwisha kutumiwa kuweka mipaka kwa mabadiliko ya hali ambayo yangetokea kwenye joto la juu mno kuliko lile la Higgs. Mipaka hiyo bado ni mipana, lakini mpaka mpana ni mpaka.

Upande wa masikio una historia yake, na ndio uliowafundisha watu wa fani hii adabu. Joseph Weber wa Chuo Kikuu cha Maryland alitengeneza mapipa mango ya alumini yenye uzito wa zaidi ya tani moja, akatundika moja karibu na Washington na jingine Argonne karibu na Chicago, umbali wa kilomita 1,000 hivi, na mwaka 1969 akatangaza kwamba yanatikisika kwa pamoja. Maabara za Marekani na Ulaya zikajenga mapipa yao. Hayakusikia kitu. Palipatikana kosa katika programu ya kompyuta iliyochambua data yake, na ikaonekana kwamba ulinganifu alioudai kati ya data yake na ya wenzake wa Rochester ulitokana na saa zilizopishana kwa saa nne, kwa hiyo mitikisiko aliyoiita ya pamoja haikuwa ya wakati mmoja. Weber hakukubali mpaka alipofariki mwaka 2000. Ni makosa kumcheka. Yeye ndiye aliyewafanya watu waamini kwamba kitu hiki kinaweza kutafutwa kwa chuma na waya, na waliojenga LIGO walianzia pale alipokwama.

Kutokana na jeraha hilo ilizuka desturi ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote katika sayansi ya siku hizi. Viongozi wachache wa LIGO walipewa ruhusa ya kuingiza kwa siri ishara ya uongo ndani ya mitambo, ili kuona kama mamia ya wenzao wataigundua na wataichambua kwa haki. Septemba 2010 ishara kubwa ilitokea. Watu walifanya kazi kwa miezi, wakaandika makala kamili ya kutangaza ugunduzi, na Machi 2011 wakakusanyika California kufungua bahasha. Ilikuwa ya uongo.  Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya Livingston na Hanford, kila mmoja ukiwa na mikono ya kilomita 4, iliponasa mashimo meusi mawili yakiungana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3, swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa kama kuna aliyeiingiza. Walitangaza Februari 2016, baada ya kujipinga kwa miezi mitano.

Wale walioiruka desturi hiyo walilipa. Tarehe 17 Machi 2014 timu ya BICEP2, yenye darubini yake Ncha ya Kusini, ilitangaza hadharani kwamba imeona katika mionzi ya kale alama za mawimbi ya mvutano ya mwanzo kabisa wa ulimwengu, yale yanayotarajiwa kutoka enzi ya mtanuko wa ghafla. Mvinyo ulifunguliwa mbele ya kamera. Mwanzoni mwa 2015, uchambuzi wa pamoja na timu ya setilaiti ya Planck ulionyesha kwamba ishara ile iliweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu wenyewe. Mawimbi hayo si yale ya viputo, lakini somo ni lilelile: kati yetu na mwanzo wa ulimwengu kuna vitu vingi vilivyo karibu, na kila kimoja kinaweza kujifanya mwanzo.

Wakati umma ukifuatilia kisa cha BICEP2, jambo lisilo na kelele lilikuwa likitokea katika hesabu za viputo. Mark Hindmarsh, Stephan Huber, Kari Rummukainen na David Weir walichapisha mwaka 2014 matokeo yaliyobadilisha fikra za miaka ishirini. Tangu mahesabu ya Kosowsky na wenzake watu walidhani mgongano wa kuta ndio chanzo kikuu cha mawimbi. Kompyuta ilionyesha kwamba kuta hupotea upesi, lakini gesi iliyosukumwa nazo hubaki ikivuma kwa mawimbi ya sauti, na sauti hiyo, kwa kuwa hudumu muda mrefu zaidi, hutoa mawimbi ya mvutano yenye nguvu zaidi ya mgongano wenyewe. Tuseme wazi maana yake: kinachotafutwa ni alama ya sauti halisi, iliyovuma katika maada ya moto kabla hakujakuwa na atomu hata moja. Kwa mtu anayedhani fani inayokosa vipimo haiwezi kusonga mbele, huu ni ushahidi wa kinyume.

Ndipo tunafika Juni 2023. Makundi ya Marekani, Ulaya na India, Australia na China, yanayosikiliza pulsa, yaani masalia ya nyota yanayozunguka na kupiga kwa usahihi wa saa, yalitangaza kwa pamoja kwamba kuna ushahidi wa mvumo wa mawimbi ya mvutano yanayochukua miaka kukamilisha mtikisiko mmoja. NANOGrav ya Marekani ilitumia pulsa 67 na data ya miaka 15. Alama waliyoitafuta, jinsi ucheleweshaji wa pulsa mbili unavyofuatana kulingana na pembe kati yao angani, ilikuwa imekokotolewa na Ronald Hellings na George Downs mwaka 1983. Masafa hayo ndiyo yale ya kiambatisho cha Witten. Si ajabu kwamba ndani ya wiki chache makala nyingi zilidai au kudokeza kwamba viputo vimesikika hatimaye.

Sikubaliani nazo, na NANOGrav wenyewe hawakudai hivyo. Walichapisha uchambuzi uliokubali kwamba mabadiliko ya hali ni miongoni mwa maelezo yanayolingana na data, na papo hapo wakaonya kwamba kulingana si kuthibitisha. Maelezo ya kawaida yapo: jozi za mashimo meusi makubwa, kila moja mamilioni au mabilioni ya mara ya tungamo la jua, zinazozungukana katikati ya galaksi zilizoungana. Kwamba mashimo meusi ni vitu halisi tunajua kwa ushahidi mrefu, na sehemu ya mwanzo ya ushahidi huo iliondokea pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Vipimo vyake vya mionzi ya eksirei ya Cygnus X-1 viliifanya kuwa kitu cha kwanza ambacho wanafalaki wengi walikubali kukiita shimo jeusi. Leo mashimo hayo ndiyo kizuizi kikubwa cha wanaotafuta sauti ya mwanzo, maana mvumo wao hujaza masafa yaleyale. Tena, baada ya 2006 mtu hawezi kusema mvumo wa 2023 umetoka kwenye kwaki za kawaida. Ni lazima alete chembe mpya kabisa. Mwenye kuleta mgeni mkubwa namna hiyo, na huku mwenyeji anatosha kueleza data, ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha. Kitakachoamua ni umbo la masafa na, zaidi ya hapo, kama mvumo unatoka sawasawa pande zote. Mashimo meusi yako mahali fulani na mengine yako karibu zaidi, kwa hiyo hatimaye upande mmoja wa anga utavuma kuliko mwingine. Viputo vilikuwa kila mahali.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, na huulizwa zaidi kwetu kuliko Ulaya. ESA iliidhinisha rasmi ujenzi wa LISA tarehe 25 Januari 2024, vyombo vitatu vyenye umbali wa kilomita milioni 2.5 kati yao, vikitarajiwa kurushwa mwaka 2035. Mradi wa aina hiyo hauko katika uwezo wa bajeti ya Nairobi wala Dodoma, na mtu anaweza kusema basi historia hii ni ya wengine. Sioni hivyo. Darubini ya MeerKAT huko Karoo, Afrika Kusini, imekwisha kutoa matokeo yake ya pulsa 83, na itaunganishwa katika darubini kubwa ya SKA ambayo Kenya ni mmoja wa washirika wake wa Afrika. Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Angalia ni nani walioamua mambo katika historia hii. Hukumu ya 1996 na ugunduzi wa sauti wa 2014 zote zina jina la Rummukainen, na sehemu ya kazi hizo iliegemea Helsinki, mji mkuu wa nchi yenye watu milioni tano na nusu isiyo na LIGO wala LISA yake. Walichokuwa nacho ni idara iliyofundisha nadharia ya uga wa joto kwa ukamilifu, kompyuta, na uvumilivu wa miongo mitatu katika swali moja.

Data ya LIGO na ya NANOGrav iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Idara za fizikia za Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Eldoret na Dodoma zina muongo mmoja kabla LISA haijaanza kusikiliza, muda wa kutosha kumfikisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa leo hadi shahada ya uzamivu. Somo la takwimu za ishara dhaifu na somo la hesabu za kimiani yaanze kufundishwa sasa, yasisubiri jengo wala mfadhili.